Monemvasia au Nafplio? Nataka kumpeleka mama kwenye mji wa ngome

BintiPangani

Habari za humu ndani. Naishi Stuttgart, na Oktoba mama anakuja kunitembelea kutoka Tanga. Ana miaka 67, ni mzima, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi nyingi. Amefundisha historia sekondari maisha yake yote, na safari hii ameomba kitu kimoja tu: aone mji wa kale wenye ngome, ulio kando ya bahari, ambao watu bado wanaishi ndani yake.

Tutakuwa Ugiriki kwa chini ya wiki moja. Nimebaki na majina mawili, Nafplio na Monemvasia, yote yako Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki. Nafplio ni karibu na Athens, Monemvasia ni mbali kweli. Kwa waliofika, je, ule mwendo wote una faida? Na goti lake litaweza? Sitaki nimfikishe mahali halafu akae chini ananisubiri huku mimi natembea.

MsafiriMwanza

Dada, nendeni Nafplio. Ni saa mbili na kitu kwa basi kutoka Athens, mji umetulia, na kwa mwalimu wa historia kuna mengi. Ulikuwa makao makuu ya Ugiriki huru kabla ya Athens kuchukua nafasi hiyo mwaka 1834. Kapodistrias, kiongozi wao wa kwanza, aliuawa kwa risasi mlangoni mwa kanisa la Agios Spyridon mwaka 1831, na alama ya risasi bado wanaionyesha ukutani. Ngome ya Palamidi iko juu mita 216. Watu husifia kupanda ngazi zake, wanasema ni 999, lakini kuna barabara upande wa nyuma, teksi inawafikisha hadi langoni. Goti halitadhurika. Na mbele ya bandari kuna kingome kidogo ndani ya maji, Bourtzi.

FundiWaKibokoni

Shikamoo yangu umfikishie mama. Mimi ni wa Kibokoni, Mombasa, na kazi yangu hapa Athens ni kukarabati nyumba za mawe, kwa hiyo nitasema kama fundi.

Aliyoyasema Msafiri ni kweli tupu, hasa hilo la teksi ya Palamidi. Ila soma tena alichoomba mama. Nafplio ngome ziko juu ya mji na mbele ya mji. Monemvasia mji wenyewe umo ndani ya ngome, na watu wanalala humo. Kama lengo ni kumpa alichokiomba, mpelekeni Monemvasia.

Ni jabali moja kubwa baharini, limeungana na bara kwa njia nyembamba tu. Ukisimama bara huoni hata nyumba moja, kwa sababu mji umejificha upande wa pili, unatazama bahari. Unafuata barabara inayopita chini ya jabali mpaka langoni, unaingia kwenye kipito cha giza chenye kona, na ukitokea upande wa pili uko mtaani. Magari yanaishia nje. Kila kilichomo ndani, kuanzia saruji hadi friji, kimeingizwa kwa mikono, kwa mikokoteni au kwa mgongo wa mnyama. Mimi nimewatazama mafundi wa pale wakisomba mchanga hivyo, na nikawavulia kofia.

Wageni wengi wanapiga picha za kuta, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Mwambie mama atazame maji. Mji ule uliishi kwa mvua. Kila nyumba ya zamani imejengwa ili ivune maji: paa linayateremsha kwenye mlizamu, mlizamu unayapeleka kwenye birika lililo chini ya nyumba, na birika limepigwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa ili lisivuje. Ukiikuna ile lipu kwa ukucha huitoi. Nimeshika lipu za saruji za miaka 10 tu zinazomomonyoka kama biskuti, hii ya chokaa ina karne nyingi na bado ngumu.

Na hapo ndipo historia yote ya mji ilipo, maana maji ya ndani ndiyo yaliyouwezesha kuvumilia kuzingirwa. Wafaranka, wapiganaji wa Ulaya Magharibi chini ya mtawala wao William wa Villehardouin, waliuzingira miaka kama 3 hadi 1248, merikebu za Venice zikiwasaidia kuziba bahari. Kuta hazikushindwa. Njaa ndiyo iliyofungua lango. Mwaka 1821 ikawa hivyohivyo, safari hii Waturuki wakiwa ndani na Wagiriki nje: kuzingirwa miezi kadhaa, chakula kikaisha, wakasalimu amri. Mwalimu wa historia atakumbuka Fort Jesus yetu, Waomani walivyoizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na jinsi waliokuwa ndani walivyomalizwa na maradhi na njaa kuliko mizinga. Akiwa na hilo kichwani, kila mlizamu atakaouona Monemvasia utamwambia kitu.

Kuhusu goti nitakuwa mkweli. Mji wa chini anaweza. Barabara kuu kutoka langoni hadi uwanja wa kanisa la Elkomenos haina mlima wa kutisha, ni mawe tu, na mengine yamelainika kwa kukanyagwa. Hapo uwanjani kuna mzinga wa zamani, na mkabala na kanisa uliokuwa msikiti wa Waturuki sasa ni jumba la makumbusho. Mji wa juu ni kazi nyingine: njia ya mawe inayopinda na kupinda, yenye mwinuko mkali. Akipanda, iwe asubuhi mapema, na fimbo, na apumzike kila kona. Na kushuka mara nyingi huumiza goti kuliko kupanda.

BintiPangani

Marahaba kutoka kwa mama, nimemsomea kwa simu neno kwa neno. Akanyamaza, halafu akauliza: huo mji wa juu aliujenga nani, na mbona uliachwa? Mimi naongeza langu: tulale ndani ya kuta au bara, ambako nimeona vyumba ni rahisi zaidi?

FundiWaKibokoni

Swali la mwalimu hilo. Huko juu ndiko kulikoanzia, karne ya 6, watu wa pande za Sparta walipokimbilia jabali kutafuta usalama. Baadaye Monemvasia ikatajirika kwa bahari. Ule mvinyo wa Malvasia uliojulikana Ulaya nzima ulichukua jina lake hapo. Wafanyabiashara na mabaharia walijaa chini, wenye vyeo wakakaa juu. Baada ya vita vya Venice na Waturuki kupokezana mji, biashara ikahama, na kufika mwanzoni mwa karne ya 20 huko juu hakukuwa na mtu tena. Nionavyo mimi, hofu ilipokwisha hakuna aliyeona sababu ya kubeba kila gunia mpaka juu. Kanisa la Agia Sofia la karne ya 12 bado limesimama ukingoni mwa genge. Mengi yaliyobaki ni magofu na mabirika.

Laleni ndani. Mchana watalii wa siku moja wanajaa, jioni wanarudi bara, na mama atauona mji ukiwa wa wenyewe. Ni ghali, ndiyo. Punguzeni siku za Athens kufidia. Kabla ya kulipia chumba, ulizeni kina ngazi ngapi kutoka barabara kuu, maana nyumba nyingine zinafikiwa kwa vijingazi vyembamba. Masanduku ya magurudumu acheni, yale mawe yatayavunja. Chukueni mabegi mepesi.

MsafiriMwanza

Fundi, nimekubali. Basi wafanye hivi: wakodi gari, wasimame Nafplio kula mchana na kupanda Palamidi kwa gari hilohilo, walale hapo, kesho yake ndiyo Monemvasia. Basi la kutoka Athens linapita Sparta na linachukua saa nyingi, mama atachoka bure.

FundiWaKibokoni

Hivyo hasa. Na dada, viatu vyake viwe na soli ya mpira. Oktoba mvua zinaanza, na mawe yale yakilowa yanateleza.