"Mpangaji, kaa chini": wenye mabembea wamenidhalilisha mbele ya mtaa mzima

MamaNasra: Wakuu, nimetoka mkutano wa mtaa sasa hivi, hata viatu sijavua. Meneja wa mabembea kaniambia: "Mama, wewe ni mpangaji, kaa chini." Kwa kipaza sauti! Kile kile wanachotangazia watoto waliopotea siku za Jumapili.

Hawa wa mabembea, wenye bustani ya michezo ya watoto, mnawajua, wenye twiga wa miwani ukutani. Siwataji. Wanataka kuleta ile meli inayobembeza watu mpaka nyayo zinaangalia mawingu, na wataisimika kwenye kiwanja wanapochezea mpira watoto wetu, hatua kumi kutoka dirisha langu. Kwenye mchoro wa mipango miji pale ni eneo la wazi. Sasa wanaomba kubadilisha matumizi pawe pa biashara. Hiyo meli ikianza kuyumba, abiria watakuwa wanachagua chapati kwenye kikaango changu kabla hawajarudi juu. Nikianika kanga itapanda melini iende Zanzibar.

Nimenyoosha mkono kistaarabu. Nimeuliza mawili tu: cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, kinachopitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, kiko wapi? Na majina tuliyoandika wiki iliyopita tukapewa soda yamefanyiwa nini? Maana tuliambiwa ni mahudhurio, leo karatasi ile ile juu imeandikwa "Wananchi walioridhia". Mimi ni namba 14, na saini yangu ipo na mkia wake! Meneja hakujibu hata moja. Kakohoa, kavuta kipaza sauti: "Mama, wewe ni mpangaji, kaa chini." Watu wakacheka. Hata wa genge ninayenunua kwake nyanya kila siku naye kacheka.

Miaka 11 naishi pale! Novemba 27, 2024 nilipanga foleni kumchagua mwenyekiti wa mtaa, hakuna aliyeniuliza hati ya nyumba. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliofika miaka 18. Kura yangu wanaihesabu, mdomo wangu ndio unadaiwa hati? Kaa chini! Mimi! Na kiti chenyewe nimekibeba kutoka nyumbani kwangu.

Dogo wa Kijiweni: Sasa mama, ulikaa au hukukaa?

MamaNasra: Nimesimama mpaka mkutano umefungwa.

Chuma Chakavu: Saini kwa soda moja? Wenzenu huku walidai pilau kwanza.

MamaNasra: Soda ya mahudhurio! Soma vizuri. Na mwenye pilau hajaambiwa kaa chini kwa kipaza sauti.

Mzee wa Ramani: Acheni utani, huyu mama ana hoja. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Meneja hana kauli hapo, na mwenyekiti wa mtaa hawezi kubadilisha matumizi ya kiwanja. Mama, andika barua ya pingamizi kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa mipango miji na NEMC. Ambatisha picha ya hiyo karatasi, useme wazi kwamba ulisaini mahudhurio. Tafuta na wengine watano wa kwenye orodha waandike hivyo hivyo. Dar tulikaa na mpango kabambe wa jiji wa 1979 zaidi ya miaka 30, huku viwanja vya wazi vikiliwa kimoja kimoja kwa mtindo huu huu.

Dogo wa Kijiweni: Kwa hiyo kiingilio cha meli kitakuwa bei gani? Nauliza kwa ajili ya watoto.

Usiku Sina: Mama shukuru, mabembea yanafungwa jioni. Mimi nimepakana na baa, spika imeelekezwa kwenye mto wangu. Mwanangu wa miaka mitatu anajua majina ya bia zote.

Kanzu Nyeupe: Baa afadhali. Nyuma yangu kuna gereji inapuliza rangi magari. Kanzu yangu ya Idi imetoka kijani upande mmoja.

Bwana Afya: Nyie wote hamjapata jirani wa nguruwe. Banda limeegemea ukuta wa jiko langu. Jua likitoka wageni wanaaga kabla ya chai.

Usiku Sina: Nguruwe wanalala usiku, ndugu. Baa hailali.

Bwana Afya: Nani kakwambia wanalala? Njoo saa tisa usiku.

MamaNasra: Jamani, turudini kwenye mada. Karatasi ya mahudhurio imegeuzwa karatasi ya ridhaa! Na mtu mzima kaambiwa KAA CHINI mbele ya watu aliowapikia misibani!

Kanzu Nyeupe: Pole mama. Mzee wa Ramani, gereji inashitakiwa wapi?

Chuma Chakavu: Bwana Afya, huyo jirani anauza kilo shilingi ngapi?