Tupeane uzoefu: kifaa gani kimewaokoa samaki wako wa mapambo?

MajiTulivu (Tabata, Dar)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kuhusu vifaa vya kutunzia tangi la samaki nyumbani. Mapambo na taa za rangi tuyaache kwanza, nataka vile vya kazi: ndoo, mpira, sponji, vipimo, na vile vidogo ambavyo muuzaji hakutajii siku unanunua. Kila mtu ataje kimoja au viwili alivyokuja kuvijua baada ya kuumia.

Naanza mimi. Tangi langu la kwanza lilikuwa sentimita 60 kwa 30 kwa 36, yaani lita kama 65, na ndani nilikuwa na golfishi wanne. Mwezi wa pili maji yakawa na ukungu, nikaamua leo nafanya usafi wa uhakika. Nikatoa sponji ya filta, nikaenda nayo bomba la nje, nikaifikicha mpaka ikarudi rangi ya dukani. Nikamwaga maji yote, nikasugua changarawe, nikajaza maji ya bomba hapohapo. Siku ya tatu samaki walikuwa wanahema juujuu, mapezi yamejikunja. Siku ya tano alibaki mmoja.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ule uchafu wa kahawia kwenye sponji ndio uliokuwa unawaweka hai. Mle ndani wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo haina ukali huo. Klorini ya bombani inawaua, na kuwajenga upya huchukua wiki nne mpaka sita. Samaki wangu walikufa kwa amonia yao wenyewe, ndani ya maji yanayong'aa.

Kwa hiyo vifaa vyangu vya kwanza ni ndoo mbili za lita 20 ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni. Nimezifunga utepe mwekundu kwenye mpini ili mtu yeyote nyumbani asifulie humo. Moja inapokea maji machafu ya tangi, na humohumo ndimo ninamofinyia sponji, mara tatu nne tu, kisha inarudi kwenye filta. Nyingine ni ya maji mapya, yanalala wazi usiku kucha. Kila Jumamosi natoa robo, narudisha robo. Yule golfishi aliyebaki sasa ana miaka minne.

Rongai_254

Ndoo nakubaliana, lakini kulaza maji usiku kucha kunaondoa klorini pekee. Kama mahali unapoishi maji yanatiwa klorameni (klorini iliyochanganywa na amonia), hiyo haitoki kwa kulazwa. Mimi natumia matone ya kuondoa klorini, yale ambayo kiungo chake ni sodiamu thiosalfeti. Chupa ndogo inanimalizia miezi mingi.

Sasa yangu. Nyinyi wa Dar hamjui shida ya baridi. Huku Julai ukiamka asubuhi maji ya tangi yako nyuzi 18 au 19. Nilikuwa na gapi, wale samaki wadogo wa maji ya joto, na beta mmoja wa bluu, naye wa maji ya joto, ambaye watoto walimpenda sana. Wakaota vidoadoa vyeupe, kama mtu amewanyunyizia chumvi. Nilinunua dawa ya kwanza, nikanunua ya pili, na wakati wote huo sikuwa hata na kipimajoto. Samaki wa maji ya joto akikaa kwenye baridi, kinga yake inashuka na ule ugonjwa unamkuta ameshachoka. Kipimajoto cha kubandika kwenye kioo ni bei ya chini kuliko dawa yoyote niliyonunua.

Sasa nina hita ya wati 100 kwa tangi la lita 90, na maji yanakaa nyuzi 25. Lakini sikilizeni: kabla ya kutoa maji, chomoa hita na uiache dakika 15 ipoe. Mimi nilipunguza maji ikiwa bado inawaka, ikabaki nje ya maji dakika kama tano, na nilipomimina maji mapya nikasikia *pa!* Kioo chake kikapasuka kutoka juu hadi chini, waya ukaonekana. Bahati nzuri mkono wangu haukuwa ndani.

Mama Pacha (Nyali)

Kwangu ni kiboksi cha dawa cha siku saba, kile cha wazee wanaokunywa vidonge. Nina mapacha wa miaka mitano na kila mmoja anataka kulisha samaki. Siku moja nilikuta kopo zima limemwagwa tangini, chakula kimevimba juu kama uji. Nilitoa nilichoweza kwa chujio la chai, nikabadilisha nusu ya maji siku hiyo na nusu kesho yake.

Siku hizi kila Jumapili najaza kiboksi, punje chache kwa kila siku, kopo linapanda juu ya kabati. Watoto wanafungua cha leo wanamimina wenyewe, na hakuna siku tena maji yamechafuka kwa chakula.

Fundi Vioo (Mwanza)

Natengeneza matangi, kwa hiyo niongee upande wangu. Kwanza mpira wa kutolea maji. Msihangaike kutafuta vya bei kubwa. Nendeni duka la vifaa vya ujenzi mwombe ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao mafundi wanapimia leveli ya ukuta. Mita mbili zinatosha. Upande mmoja chomeka chupa ndogo ya maji iliyokatwa kitako, shingo yake iingie kwenye mpira. Ukiuzamisha wote tangini ujae, ukaziba ncha kwa kidole na kuishusha kwenye ndoo, maji yanashuka yenyewe bila kunyonya kwa mdomo. Ile chupa ukiisimika kwenye changarawe utaona mavi ya samaki yanazunguka na kupanda, na changarawe inarudi chini kwa uzito wake. Kwa vile mpira unapitisha mwanga, hata kifaranga cha gapi akiingia utamwona kabla hajafika mbali.

Pili, silikoni. Watu wanaziba ufa kwa silikoni ya bafuni. Nyingi zina dawa ya kuzuia ukungu na hiyo ni sumu kwa samaki. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya matangi ya samaki, na ikishapakwa subiri. Mimi naacha wiki nzima.

Tatu, uzito. Lita moja ni kilo moja. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45 ni lita 243, ukiongeza kioo na changarawe unapita kilo 300. Nimeitwa nyumba moja ambapo liliwekwa juu ya meza ya televisheni. Meza ilipinda kidogo tu, chini ya unene wa kidole, na kioo cha chini kikapasuka usiku.

Ukijani wa kwenye kioo utoeni kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Wembe uko sawa kwenye kioo, lakini kama tangi lako ni la plastiki ngumu utaliachia mikwaruzo ya kudumu.

Mbagala Maji Matatu

Kivalvu cha kuzuia maji kurudi. Ni kidogo kama kifundo cha kidole, kinachomekwa katikati ya mpira wa pampu ya hewa. Pampu yangu ilikuwa sakafuni, chini ya usawa wa tangi. Umeme ulipokatika saa nane usiku, hewa ikaacha kusukuma, maji yakaanza kurudi kupitia mpira uleule mpaka kwenye pampu, yakashuka kwenye ekstensheni. Umeme uliporudi nilisikia harufu ya kuungua kabla sijaona chochote. Kama huna kivalvu, pandisha pampu iwe juu ya usawa wa maji, leo hii. Na nyaya zote ziache zining'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili tone likiteremka lidondokee sakafuni.

Nimeongeza na pampu ndogo ya betri. Saa mbili tatu bila umeme samaki wachache wanavumilia. Usiku mzima, tangi likiwa limejaa, ni hatari kwao na kwa hao bakteria wa sponji pia, nao wanahitaji hewa.

Mwana wa Ujiji

Nimezaliwa Kigoma, sasa naishi Bukoba. Nafuga wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Jike anataga ndani ya kombe, na ukisogeza kidole kwenye kioo anakuja kukukabili, naye hafiki urefu wa kidole chenyewe. Nawapenda mno hawa samaki.

Huku mvua ni nyingi, nikawajazia maji ya mvua nikidhani nawapa kitu safi kabisa. Wakafifia rangi, wakaacha kutaga. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi ya maji) inayokaribia 9 na madini mengi. Ya mvua hayana madini karibu kabisa. Kwa hiyo kifaa changu ni vipimo vya matone: unachota maji kwenye kichupa, unatia matone, unalinganisha rangi na kadi. Nilipopima mara ya kwanza rangi ilikuwa njano, yaani pH iko chini, wakati nilitakiwa kuona bluu. Nikajaza mchanga wa matumbawe kwenye soksi ya nailoni, nikaiweka ndani ya filta, na nikaacha maji ya mvua. Nilipandisha pH polepole kwa wiki tatu, maana kubadilika ghafla nako kunaua. Mwezi wa pili niliona vitoto vinachungulia mlangoni mwa kombe.

Mgeni01

Samahani kuingilia. Nimesoma kisa cha kwanza na nimefanya vilevile jana! Nimeosha kila kitu kwa maji ya bomba. Golfishi watatu, lita 40, sasa hivi wanahema juu. Sina dawa yoyote na maduka yamefungwa.

MajiTulivu

Pole sana mkuu. Una maji yoyote yaliyokaa wazi tangu jana au juzi?

Mgeni01

Pipa la uani, tangu juzi. Halina kifuniko.

MajiTulivu

Hayo yanafaa. Toa nusu ya maji ya tangi, mimina ya pipa taratibu kutoka juu kidogo ili yaingie na hewa. Pampu ya hewa iwake usiku kucha. Usiwape chakula leo wala kesho. Sponji usiiguse tena. Asubuhi rudia robo. Kama una jirani mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake kilicholowa, ukiweke ndani ya filta yako.

Mgeni01

Nimeamka saa kumi na moja kuwaangalia. Wawili wanaogelea katikati ya maji, hawahemi tena juu. Mdogo amekaa chini kwenye kona lakini mapezi ameyafungua. Nimeshabadilisha robo, nasubiri kukuche nigonge kwa jirani.