Mashine ya boti ya tustroki inazima nikirudisha choki, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina mashine ya boti ya kupachika nyuma, tustroki (injini ya mipigo miwili, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili) ya silinda mbili, aliyoniachia marehemu baba. Ililala muda mrefu na petroli ndani, na natamani sana ifufuke.

Plagi ni mpya, cheche ni za bluu kote kuwili. Kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya silinda zote inalingana. Petroli nimeweka mpya, nimechanganya na oili 50:1 (petroli sehemu 50, oili sehemu 1). Inawaka kwa choki (kifuniko kinachopunguza hewa ili mafuta yazidi), ila nikiirudisha tu, inakata. Nikiwa naminya ile pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta, inaendelea kunguruma, nikiacha, inazima.

Kabureta nimeifungua, chini ya bakuli kulikuwa na utomvu wa kahawia unaonata kama gundi. Nimeosha na kupuliza matundu yote kwa upepo.

Mimi nashuku kiwambo (ule utando mwembamba unaosukuma mafuta) cha pampu ya mafuta kimekakamaa. Je, niko sahihi, au kuna tundu la jeti (kitundu kidogo kinachopima mafuta ndani ya kabureta) bado limeziba? Na sili za krenki (mipira inayoziba hewa kwenye mhimili mkuu wa injini) zikivuta hewa, nitazigunduaje bila kupasua mashine nzima? Hilo ndilo linanitisha, maana mchanganyiko ukikosa mafuta pistoni zinaungua.