Mafundi mnaozima maonyo ya Windows kwenye mashine za watu kimyakimya, nani kawatuma?

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyependa kusoma apite tu hatutagombana.

Hivi hawa mafundi wetu wa kompyuta nani kawaambia kwamba mtu akileta mashine ipigwe window (iwekewe Windows upya) basi na yale maonyo ya usalama ni takataka za kufagia? Nazungumzia kile kiboksi kinachotokea ukitaka kufungua faili ulilolishusha mtandaoni, kinakuonyesha jina la faili, nani kalitengeneza, ni la aina gani, limetoka wapi, halafu kinakuuliza una uhakika unataka kuliendesha? Kuna jamaa wanakiona kile kiboksi ni kero, wanakizima kwenye kompyuta ya mtu, wanachukua hela yao, na hawasemi. Hiyo ya kutosema ndo inaniua.

Nina steshenari. Kazi zetu mnazijua, kuprinti, kutoa kopi, kuskani vyeti, kujazia watu maombi ya ajira, na msimu wa mikopo ya wanafunzi ya HESLB ukifika ndo balaa foleni inatoka mpaka nje. Mteja hana flashi, anatuma kwenye imeili ya duka au WhatsApp, unashusha, unafungua, unaprinti, anayefuata. Kutwa nzima tunafungua mafaili ya watu ambao hatuwajui na hatutawaona tena. Sasa kama kuna sehemu ambayo kompyuta inatakiwa iulize kabla ya kufungua kitu, si ndo kaunta ya steshenari jamani?

Mashine zilikuwa zimekuwa nzito, nikampa fundi (jina simtaji, msiniulize), kapiga window upya, zikarudi nyepesi kweli, nikamlipa bila hata kupunguza bei. Maisha yakaendelea mpaka ikaja imeili ya kawaida kabisa, mtu anaomba aprintiwe CV, imeambatanishwa zipu (faili lililofungasha mengine), ndani kuna faili lina kialama chekundu cha PDF. Binti wa kaunta kabonyeza mara mbili. Hakikufunguka kitu. Kabonyeza tena, wapi, akajua faili bovu, akamhudumia mwingine. Kesho yake asubuhi simu zinaanza, wateja wa zamani wanauliza mbona duka lako limenitumia zipu usiku, wengine washaifungua. Imeili ya duka ilikuwa inatuma takataka ileile kwa kila mtu aliyewahi kutuandikia, na paswedi zote zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye brauza ikabidi nizihesabu kama zimeibiwa nikaanza kubadilisha moja moja huku nimekaa kwenye kompyuta ya jirani.

Na kama kawaida yetu wa kulaumiwa akawa binti. Kila anayepita dukani anamwambia "we huoni ni virusi?" Aone wapi? Jina lilikuwa linaishia .pdf machoni pake, lile .exe la mwisho (linaloonyesha kwamba ni programu) Windows imelificha, ndivyo inavyokuja yenyewe tangu zamani, Microsoft nao wana lao hapa. Watu wazima humu mnakumbuka kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000, faili lilijifanya TXT kumbe nyuma kuna .vbs imefichwa, robo karne imepita na eksitensheni (hizo herufi za mwisho za jina la faili) bado zinafichwa ukipiga window mpya. Halafu binti akasema kitu kimoja ambacho wale walaumu wote hawakukiwaza: "Bosi, mbona haikuniuliza? Ya kwa kaka inaulizaga."

Hapo ndo nikaanza kuchimba.

Kwa wasiojua, ukishusha faili brauza inalibandikia alama pembeni, huioni kwenye folda lakini ipo. Fungua ile skrini nyeusi ya cmd, nenda kwenye folda ya Downloads, andika dir /r. Chini ya kila faili lililotoka mtandaoni unatakiwa uone mstari wa pili wenye jina lake tena halafu :Zone.Identifier:$DATA. Ukiandika notepad, nafasi, jina la faili, halafu :Zone.Identifier, inafunguka karatasi ndogo imeandikwa ZoneId=3. Hiyo 3 maana yake intaneti. Mara nyingi inakuonyesha mpaka anwani lilikoshushwa. Hiyo karatasi ndo roho ya mambo yote, Windows ikiiona ndo inajua hili ni la nje, niulize kwanza.

Kwenye mashine yangu nimepiga dir /r folda nzima, hakuna hata faili moja lenye huo mstari. Hata moja! Mamia ya mafaili ya watu, vyeti, picha za pasipoti, namba za NIDA, yote yamekaa kama vile yamezaliwa humo ndani ya kompyuta.

Nikampigia fundi. Kwanza kabisha, halafu akacheka, akasema: "Bosi si ulitaka iwe fasta? Zile meseji wateja wanapigaga simu kila saa wanauliza ni nini, nikazitoa. Nawafanyiaga wote." WOTE. Nikaishiwa pozi. Yaani unampeleka mbwa wako akachomwe sindano unarudishiwa hawezi tena kubweka, na daktari anategemea umshukuru kwa kukupunguzia kelele.

Na kuwa fasta kunahusiana nini? Kile kiboksi hakili ram, kinakaa sekunde moja unabonyeza kinaondoka.

Sasa sikilizeni ubaya wenyewe, maana yeye anadhani katoa kiboksi tu. Ile alama haitumiki na kiboksi peke yake. Word ikifungua dokyumenti la mtandaoni inaweka ule mstari wa njano juu na haikuruhusu kuhariri mpaka uruhusu mwenyewe, inajuaje ni la mtandaoni? Kwa alama hiyohiyo. Mwaka 2022 Microsoft waliamua makro (vijiprogramu vinavyokaa ndani ya dokyumenti) za mafaili yaliyotoka intaneti zizuiwe zenyewe kwenye Office kwa sababu wezi walikuwa wanaingilia humo miaka nenda rudi, inajuaje ni la intaneti? Alama hiyohiyo. Lile pazia la bluu la SmartScreen linalosema Windows imekulinda, nalo linaangalia alama hiyo. Huu mfumo wa kutunza alama upo tangu Windows XP Service Pack 2 ya mwaka 2004, watu wameujengea vitu juu yake miaka yote hiyo, fundi anaukata kwa mstari mmoja aliouona YouTube na kurudi kula chipsi.

Haya, nimekaa nimezirudisha mashine zangu, naweka hapa kwa faida ya wengine. Sitaki PM za "mkuu nisaidie", soma.

Fungua regedit (programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Attachments. Ukikuta SaveZoneInformation ina 1, huyo ndo mchawi mwenyewe, 1 maana yake alama isihifadhiwe. Ifute au weka 2. Toka hapo ingia Policies\Associations, ukikuta LowRiskFileTypes imeorodheshwa .exe;.bat;.msi;.vbs na wenzake, hapo umeambiwa kompyuta yako iyachukulie hayo kama mafaili yasiyo na hatari, futa yote. Yangu ilikuwa na vyote viwili, jamaa hakutaka kubahatisha. Angalia njia hizohizo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE pia. Na hii ya CURRENT_USER ni ya akaunti moja tu, kama kompyuta ina akaunti ya bosi na ya kaunta rekebisha kote, usifanye kwako ukaacha ya binti ndo inayofungua mafaili ya watu. Usiguse kitu kingine humo ndani kama hukijui, na kabla ya kufuta fanya ekspoti ya hiyo folda.

Halafu bonyeza kitufe cha Windows na R, andika inetcpl.cpl, nenda Security, chagua Internet, Custom level, tafuta "Launching applications and unsafe files", iwe Prompt. Ikiwa Enable ndo hivyo hivyo, mlango wazi. Wengine wanatumia ujanja wa kuweka SEE_MASK_NOZONECHECKS kwenye environment variables (ziandike kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows), kaangalie na huko, ukiikuta ifute. SmartScreen iko Windows Security, App & browser control, washa ya kukagua apu na mafaili. UAC, ile inayofanya skrini iwe giza na kuuliza ruhusa, andika UAC kwenye sehemu ya kutafuta, vuta kile kijiti kirudi nafasi ya pili kutoka juu. Yangu ilikuwa imezikwa chini kabisa. Mwisho washa eksitensheni zionekane, kwenye folda yoyote bonyeza View utaikuta "File name extensions". Restati.

Ukimaliza shusha programu yoyote ndogo ya kuinstoli kutoka kwa mwenyewe aliyeitengeneza, piga dir /r uone mstari upo. Usijipe moyo kabla hujauona kwa macho.

Kitu kinachouma, mafaili ya zamani hayarudishiwi alama. Inaandikwa wakati wa kushusha, muda ukipita ndo umepita. Kwa hiyo kila .exe na kila zipu iliyokaa Downloads tangu siku ya fundi haina kitu na haitauliza hata ukirekebisha yote hapo juu. Mimi nimefuta folda nzima nikabakiza kazi za wateja ambazo hazijachukuliwa tu.

EDIT: Naona mjuaji mmoja kaja na "tatizo ni WinRAR yako sio fundi". Zipu tunafungua na Windows yenyewe, na yenyewe inahamisha alama kwenda kwa mafaili ya ndani. Ila kanikumbusha jambo la maana: 7-Zip (programu nyingine ya kufungulia zipu) ilianza kuhamisha alama kuanzia toleo 22.00 la mwaka 2022, na hata hapo imekuja imezimwa, inabidi uingie Options uwashe mwenyewe, inaitwa "Propagate Zone.Id stream". Toleo la zamani ndo haina kabisa, na steshenari nyingi zimejaa matoleo ya enzi za Windows 7. Apdeti.

EDIT 2: Anayesema "flashi je?" Flashi nyingi zimefomatiwa FAT32 au exFAT, hizo hazina uwezo wa kubeba alama hiyo, ni kitu cha NTFS, fomati ya diski ya Windows yenyewe. Faili likipita kwenye flashi limeshaoshwa. Hapo tegemea antivairasi na macho ya kuangalia eksitensheni, hakuna ujanja. Ndo maana nasema lile onyo la mafaili ya imeili na brauza ni la kulindwa, maana ni sehemu chache ambazo kompyuta inakusaidia kweli.

EDIT 3: Mafundi mliojaa humu kujitetea eti "mteja mwenyewe anaomba zitolewe". Sawa, akiomba mtolee, ni mashine yake. Mimi sikuomba! Hamuandiki hata kwenye risiti, mnaandika "kupiga window na programu" basi. Mteja akiuliza kile kiboksi ni nini mjibu, ni sentensi moja, "soma jina, kama hukulitarajia bonyeza hapana". Kumfundisha mtu hivyo ni dakika ngapi? Na kumbukeni kwenye hizo mashine kuna vitambulisho na vyeti vya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, siku mteja akinishika shati mimi mwenye duka ndo nitakayejibu, wewe simu utakuwa umezima.

EDIT 4: Wa "hamia Linux" nimewaona, mikopo ya watoto wa watu inajazwa leo, nitahama mwakani.

Wenye mashine zilizowahi kupita kwa fundi, pigeni dir /r kwenye Downloads zenu mseme mmekuta nini na mko mkoa gani. Nataka nijue hii ni tabia ya huyu jamaa wangu peke yake au ni mchezo wa nchi nzima.