Mjadala: Nani akupimie kama unastahili bastola?

Mleta mada

Wakuu, naomba tujadiliane bila matusi. Mimi niko Texas mwaka wa kumi na moja sasa, naendesha lori, na kwenye suala la bunduki mimi ni mhafidhina kabisa. Najua nusu yenu mshasema huyu kalishwa maneno na wazungu, subirini kwanza nimalize.

Kilichoniamsha ni ile kesi ya Hawaii ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kuisikiliza Oktoba 2025. Kule walitunga sheria kwamba hata kama una leseni yako halali ya kubeba bastola, huingii nayo dukani wala hotelini wala sheli mpaka mwenye mali akuruhusu waziwazi. Yaani kwa kawaida asiyetaka bunduki kwake ndo anabandika tangazo mlangoni, wao wakaigeuza, anayekubali ndo abandike. Sasa niambie muuza kahawa gani atabandika karatasi "karibuni na bastola zenu"? Leseni unayo ila huna pa kwenda nayo.

Na hii imezaliwa na kesi ya Bruen, Juni 2022. New York walikuwa na sheria ya zaidi ya miaka 100, ukitaka kubeba bastola nje ya nyumba lazima umridhishe ofisa kwamba una sababu maalum, na kuishi mtaa wa majambazi haikuhesabika kuwa sababu maana jirani yako naye anaishi hapohapo. Majaji 6 kwa 3 wakaifuta, hukumu kaandika Clarence Thomas. Sasa mimi sikuzaliwa Marekani, nimekulia kwetu, nikisikia tu "ofisa ataangalia kama una sababu ya kutosha" sihitaji kumaliziwa hadithi. Njoo kesho, faili halionekani, bosi yuko semina, halafu mwisho mtu anakuuliza kiupole kama umekuja na chai. Na msidhani ni Afrika tu, polisi wa kitengo cha leseni za bunduki cha jiji hilohilo la New York walishtakiwa na wengine wakakiri kupokea hongo ili kusukuma maombi ya watu. Trump mwenyewe alikuwa na kibali cha pale miaka hiyo. Muuza duka wa Bronx alikuwa nacho? Mawakili wanaotetea maskini wa Bronx, watu ambao siyo wahafidhina hata kwa bahati mbaya, walipeleka hoja mahakamani kuunga mkono sheria ifutwe, wakasema wateja wao wanaofungwa kwa kukutwa na bastola bila kibali karibu wote ni weusi na Walatino.

Hapo ndo huwa nashangaa ndugu zangu weusi mkisema bunduki ni mambo ya wazungu wa mashambani. Mississippi 1865 utumwa umeisha tu, jimbo likapitisha sheria kumnyima mtu mweusi aliyeachwa huru kumiliki silaha bila kibali. Martin Luther King nyumba yake ilipigwa bomu Montgomery 1956, akaomba kibali cha kubeba bastola, wakamnyima. Na kesi iliyofanya haki ya kumiliki silaha iliyo kwenye Katiba ya Marekani ibane majimbo yote, ya 2010, aliyeifungua ni mzee mweusi wa Chicago, Otis McDonald, wezi walimvunjia nyumba mara kadhaa na jiji likawa linamkataza kuwa na bastola ndani mwake. Ndo watu wanaoumia ofisa akipewa rungu la kuamua.

Kuhusu habari za Trump: Februari 2025 alisaini amri ya kupitia upya kanuni za bunduki za Biden, halafu ile sheria kubwa ya bajeti ya tarehe 4 Julai ikafanya ile kodi ya dola 200 ya mwaka 1934 kwenye sailensa (kile kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki) na bunduki za mtutu mfupi iwe sifuri kuanzia Januari 2026. Wenzangu wamesherehekea, mimi nasema ukweli hiyo ya sailensa sikuona haraka ilikuwa ya nini.

Na mhafidhina siyo mtu wa kusema kila mtu apewe. 2024 Mahakama hiyohiyo, majaji 8 kwa 1, ilisema aliyewekewa amri ya korti kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha. Naunga mkono, maana pale kuna jaji na kuna ushahidi, siyo ofisa na hisia zake.

Tahadhari kwa wabongo na wakenya wa huku kabla hamjakimbilia dukani: mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua, ila wa viza ya masomo au ya kazi kwa kawaida haruhusiwi, ukikutwa nayo ni kosa la shirikisho na ndege ya kurudi nyumbani inakuita. Na ile fomu 4473 unayojaza ukinunua bunduki inauliza kama unatumia bangi, hata kama jimbo lako wanaiuza kama karanga, kwa sheria ya shirikisho bado hairuhusiwi. Kudanganya kwenye fomu hiyo kuhusu madawa ndiko kulimtia hatiani mtoto wa Biden 2024, baba akamsamehe. Wewe baba yako siyo rais.

Haya, nipingeni.

Nesi wa Minneapolis

Kaka umeandika vizuri ila kuna jina umeliruka na wewe ni mtu mweusi unayeendesha gari kila siku. Philando Castile, 2016, hapa kwetu jirani. Alikuwa na kibali, akamwambia polisi kwa heshima kabisa kwamba ana silaha, akapigwa risasi mbele ya mpenzi wake na mtoto mdogo kiti cha nyuma. Polisi akaachiwa na korti. Hao wakubwa wenu wa haki ya bunduki walikaa kimya siku ngapi? Kwahiyo hiyo karatasi inamlinda nani hasa.

Halafu la pili ndo linaniuma zaidi. Watu mnabishana majambazi majambazi. 2023 Marekani walikufa kwa bunduki watu zaidi ya 46,000 na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Mimi nimefanya kazi emajensi miaka mingi, anayemeza vidonge mara nyingi tunampata, wa bastola hatumpati.

Mtoto wa Baringo

Mleta mada mimi nakuomba ukuje kwetu wiki moja tu, ulale, halafu urudi Texas uandike tena. Kwetu raia wana AK bila leseni ya ofisa yeyote, hakuna wa kukuambia njoo kesho. Unajua kilichotokea? Wizi wa ng'ombe ulikuwa wa mishale, saa hii watoto wanasoma darasa moja na kondoo kwa sababu shule ilifungwa. Serikali ilituma jeshi kaskazini mwa Bonde la Ufa 2023, bado silaha ziko. Na wale polisi wa akiba, raia waliopewa bunduki na serikali, walinyang'anywa 2019, basi wa huku wakabaki mikono mitupu na wa ng'ambo ya mto wakabaki na zao. Sasa hapo utasema nini? Mimi mwenyewe sijui niko upande gani, natamani zote zitoke lakini yetu itoke ya mwisho.

Shabiki wa Nairobi

Mnasahau lile shambulio la magaidi Westgate, Septemba 2013. Kati ya watu wa kwanza kuingia kutoa watu kulikuwa na raia wenye leseni na polisi wachache wa nguo za kawaida, kikosi chenyewe kilikuja baadaye. Watu wengi walitoka wakishikwa mkono na hao. Ila tuseme ukweli leseni Kenya ni ya nani? Mheshimiwa, tajiri wa Muthaiga, mwanawe. Mama mboga wa Kayole akiomba watacheka mpaka watoe machozi. Hapo tu mleta mada nakubaliana na wewe na nachukia kukubali.

Mleta mada

Baringo, ulichosema mwisho, "yetu itoke ya mwisho", hiyo ndiyo hoja yangu yote na umeisema kwa maneno manne. Ila nakupa haki, pale hakuna sheria ya upande wowote, na mimi natetea haki iliyo ndani ya sheria, siyo nani ana mtutu mrefu.

Nesi, Castile sina jibu la kukuridhisha. Walikaa kimya, na walipoongea waliongea kama wanang'olewa jino, ni aibu yetu. Mimi nikisimamishwa mikono yote inakuwa juu ya usukani na taa ya ndani nimewasha, kibali au bila kibali. Ila Uvalde, huku Texas, mwaka 2022 polisi 376 walifika shuleni na zaidi ya saa nzima ikapita watoto wako ndani na kijana mwenye bunduki, 19 na walimu wawili wakafa, kwahiyo usiniambie nisubiri polisi pia.

Nesi wa Minneapolis

Na yule kijana wa Uvalde bunduki aliinunua dukani, kihalali, siku chache baada ya kutimiza miaka 18. Hukuitaja hiyo. Sasa nikuulize kitu kimoja tu niende zamu. Hiyo bastola yako iko wapi saa hii unavyoandika?

Mleta mada

Kwenye sefu chumbani. Binti yangu ana miaka 14.

Dada, nimeenda kuangalia. Sefu imefungwa, ila funguo ya akiba ilikuwa droo ya jikoni na vijiko. Nimeitoa.