Wakuu, hizi saa zenye duara jekundu linalopungua zinasaidia kweli kusoma, au naenda kununua kichezeo?

Mhasibu wa Kesho:
Wakuu habari za usiku. Naombeni ushauri. Hata wa kunitukana njooni, mradi tusi liwe na faida ndani yake.

Nina miaka 31, nakaa Mbagala, mchana naandika vitabu vya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Usiku nasoma CPA, ile mitihani ya uhasibu, najisomea mwenyewe, nalenga mitihani ya Novemba. Mei nilifanya masomo mawili, yote nikafeli. Kinachoniuma ni kwamba sikufeli kwa kutojua. Somo moja niliacha swali zima la alama 20 jeupe, sikugusa hata mstari. Msimamizi anatangaza tuweke kalamu chini, mimi bado niko swali la pili nahangaika na mizania iliyogoma kulingana kwa sababu ya elfu sitini tu.

Nyumbani ndiyo balaa. Nikipata gari mapema naingia saa moja na nusu usiku, naoga, nakula, saa mbili na nusu niko mezani. Naweka taima ya simu ya saa nzima. Baada ya muda kidogo nashika simu niangalie zimebaki dakika ngapi, nakuta kundi la ukoo wanagombana kuhusu michango ya harusi, naweka neno langu moja, linazaa mengine. Nikija kushtuka ni saa nne na robo na kitabu kiko ukurasa uleule. Taima ililia, nikaizima, na wala sikumbuki kuizima.

Sasa kuna jamaa amenitumia picha ya saa ya mezani. Uso mweupe, ndani kuna duara jekundu. Unalivuta mpaka dakika unazotaka, halafu linapungua polepole mpaka linaisha lote. Ile yenyewe ya asili, ukiweka na gharama ya kuisafirisha, ni hela ya kula hapa kwangu wiki nzima na zaidi.

Mliowahi kuitumia, inasaidia mtu mzima? Kuna mbadala wa bei ya kwetu? Au tatizo ni mimi? Mke wangu anasema nikishanunua hiyo nitatafuta nyingine ya kunikumbusha niiangalie.

Kanyaga Twende:
Shemeji kamaliza. Uzi ufungwe.

Mwalimu wa Chekechea:
Nimecheka hapo kwa shemeji, ila ngoja nikujibu kwa sababu hiyo saa naishi nayo.

Usione haya kwamba ni ya kitoto, maana kweli ilizaliwa kwa ajili ya mtoto. Aliyeibuni ni mama mmoja wa Marekani, Jan Rogers, wa Cincinnati, mwaka 1994. Binti yake alikuwa na miaka minne na kila dakika anauliza bado muda gani. Kumwambia mtoto wa miaka minne "bado dakika ishirini" ni sawa na kumwambia bado kilo ishirini. Ndipo akaja na wazo la kuugeuza muda uwe kitu cha kuonekana kwa jicho: jekundu kubwa, bado sana, jekundu limebaki kama kipande cha tikiti, jiandae.

Darasani kwangu nina watoto wawili ambao kuwatoa kwenye mchezo wa maji ilikuwa vita. Nikisema "basi, imetosha" wanalala chini. Tangu nilipoweka hiyo saa dirishani, mmoja anaanza mwenyewe kumwaga maji jekundu likibaki jembamba. Sijamwambia lolote.

Na wewe ukisoma "41:17" kwenye simu unapata namba, lakini hupati picha ya ukubwa wake. Namba inabidi uifikirie, jekundu unaliona kwa pembe ya jicho huku unaendelea na kazi. Tofauti iko hapo.

Angalizo: usiiweke mbele ya uso. Nina mtoto mwingine ambaye ilibidi nimgeuzie mgongo hiyo saa, alikuwa anaitazama kama televisheni na hafanyi kitu kingine.

Mhasibu wa Kesho:
Asante sana mwalimu. Naona kwenye picha namba zake zimepangwa kinyume na saa ya kawaida, au macho yangu?

Mwalimu wa Chekechea:
Macho yako yako sawa. Sifuri iko juu, halafu tano, kumi zinahesabiwa kwenda kushoto. Unalivuta jekundu kuelekea kushoto, lenyewe linarudi kulia kama mshale wa saa yoyote mpaka likutane na sifuri.

Fundi wa Mtaa wa Pili:
Mkuu usitume hela nje. Njia mbili za kimaskini, zote nimetumia.

Ya kwanza ni ile saa ya jikoni ya kuzungusha, wanaotengeneza keki wanayo. Tafuta kwenye maduka ya vyombo. Haina betri, ni springi. Wengi wanaikosea hapa: ukitaka dakika chache, usiizungushe moja kwa moja hadi 10 ukaiacha. Ipeleke kwanza mbali, karibu na mwisho, springi ijae, kisha irudishe kwenye 10. Usipofanya hivyo itakwama njiani au italia kinyonge. Ubaya wake inapiga tiki tiki tiki usiku kucha. Kama mnalala chumba hichohicho na mtoto, funga kitambaa au achana nayo.

Ya pili ni bure. Una saa ya ukutani ya mishale? Ishushe, iweke mezani. Chukua ile kalamu ya ubao mweupe, inayofutika. Angalia mshale wa dakika uko wapi sasa hivi, tuseme uko kwenye 2. Unataka dakika 25, basi unaishia kwenye 7. Chora juu ya kioo kipande kama cha pizza kutoka 2 mpaka 7, kipake rangi chote. Mshale unaanza kukila kile kipande. Ukifika ukingoni, muda umekwisha. Futa kwa kidole, chora kingine. Duara jekundu umelipata, na saa ya ukutani umebaki nayo.

Mhasibu wa Kesho:
Fundi hii ya kuchora kwenye kioo imenipiga kichwani. Kesho naanza.

Wa Nakuru:
Boss, hata mimi ilikuwa hivyo hivyo hadi nikajua shida si saa, ni kwamba saa yangu ilikuwa ndani ya simu. Ni kama kumuuliza muuza changaa akukumbushe muda wa kuacha pombe. Siku hizi simu inabaki jikoni juu ya friji, natumia mulika mwizi, kasimu ka vitufe kasiko na intaneti, kama taima. Haina picha lakini pia haina kundi la harusi.

Kanyaga Twende:
Huku tunakiita kiswaswadu. Naunga mkono hoja.

CPA Kwa Machozi:
Mleta mada, wengi wanakujibu kuhusu nyumbani. Mimi nakujibu kuhusu lile swali jeupe, kwa sababu ndilo lililokufelisha, na nililiacha mimi pia kwenye jaribio langu la kwanza.

Chukua karatasi ya saa tatu, alama 100. Dakika 180 ugawanye kwa 100, kila alama ina dakika 1.8. Swali la alama 20 lina dakika 36. Halina 37. Kipengele cha alama 5 kina dakika 9. Hii hesabu niibandike wapi ili watahiniwa waione sijui, maana kila mtu anaijua na hakuna anayeifuata.

Sasa fanya hivi. Usijipimie "saa nzima ya kusoma", hiyo haina maana kwa mtu wa mitihani. Chukua swali moja la mitihani iliyopita, alama 20, chora kipande cha dakika 36 kwenye hiyo saa ya fundi, andika. Rangi ikiisha, kalamu chini, hata kama uko katikati ya neno. Piga mstari, kisha endelea kwa kalamu ya rangi nyingine mpaka umalize. Usahihishe mara mbili: alama za kabla ya mstari, na alama za baada yake. Mimi mara ya kwanza nilipata 8 kabla na 7 baada, na hizo 7 zilinichukua dakika karibu 50. Ndipo nikaelewa. Alama za mwanzo za kila swali ni za bei rahisi, za mwisho ni za kulanguliwa. Wewe Mei ulikuwa unalangua alama moja ya mizania kwa elfu sitini wakati alama kumi za bure zimelala kwenye swali la tano.

Chumba cha mtihani hutaingia na duara jekundu. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, andika kwenye karatasi ya swali saa za kuhama. Mkianza saa 3:00 asubuhi, na maswali ni matano ya alama 20: 3:36, 4:12, 4:48, 5:24, 6:00. Ikifika 3:36, acha nusu ukurasa wazi na uhame. Inauma kama kung'olewa jino, lakini ukishafanya mazoezi ya kutosha nyumbani mkono unahama wenyewe.

Kuhusu ile mbinu ya nyanya, ya yule Mtaliano Francesco Cirillo, dakika 25 kazi na 5 mapumziko: ni nzuri kwa kusoma nadharia. Jina limetokana na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya aliyoitumia akiwa mwanafunzi, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ila 25 haijashuka kutoka mbinguni. Kwa maswali ya hesabu dakika 25 zinakukata katikati. Tumia 36.

Sina Haraka:
Mimi niwe tofauti. Nilikaa na taima inayopungua miezi miwili, nikawa nasoma huku moyo unanidunda, naangalia imebaki kiasi gani kuliko ninachosoma. Nikageuza. Sasa nahesabu kwenda mbele: naanza, nikichoka nasimamisha, naandika kwenye daftari "dakika 18", "dakika 31". Wiki ikiisha najumlisha. Presha yangu imeshuka. Kama na wewe ni mtu wa wasiwasi, jua hiyo njia ipo.

CPA Kwa Machozi:
Sina Haraka sikupingi kwa kusoma. Ila mtihani wenyewe unahesabu kurudi nyuma, utake usitake. Azoee presha hiyo nyumbani.

Bibi wa Ngamiani:
Wanangu nimewasoma. Sisi Tanga tulikuwa na saa hiyo kabla hata haijatengenezwa. Tukiswali magharibi tunakaa barazani na juzuu zetu, maalimu yupo na bakora yake. Mpaka isha. Ni kama saa moja na kitu hivi. Hakuna aliyeuliza bado muda gani, ulikuwa unauona: kwanza unasoma kwa mwanga wa mbingu, kisha unasogea mlangoni, kisha herufi zinaanza kuungana, maalimu anawasha taa. Taa ikiwashwa unajua uko nusu, kama hujahifadhi aya zako ni juu yako.

Mwanangu mhasibu, jaribu alfajiri. Anza adhana ikitoka, funga kitabu jua likitokeza. Huwezi kulizima kwa kidole, na saa hizo kundi la ukoo limelala.

Mhasibu wa Kesho:
Shikamoo bibi. Tatizo alfajiri ndipo natoka kuwahi gari, ila Jumapili nitajaribu.

Bibi wa Ngamiani:
Marahaba. Jumapili moja si haba.

Kitengo cha Kichwa:
Nifanye kazi yangu kidogo. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Hapo uliposema taima ililia ukaizima bila kukumbuka, inaweza kuwa uchovu tu, mtu umetoka kazini na foleni ya Mbagala. Lakini kama tangu utotoni umekuwa hivyo, unasahau, unachelewa kila mahali, unaanza vitu humalizi, na nyumbani na kazini ni vilevile, basi kuna hali inaitwa ADHD, na watu wazima wanayo pia. Wengi wenye hali hiyo hawauhisi muda ukipita, ndiyo maana saa za kuonekana zinawafaa. Haipimwi kwa kusoma uzi. Nenda hospitali ya rufaa uulize kitengo cha afya ya akili, na usitishike, si lazima mtu anayekwenda huko awe wa kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mhasibu wa Kesho:
Shuleni nilikuwa sawa, hata kazini vitabu vyangu haviyumbi. Nadhani ni uchovu na simu. Ila nimekusikia, nitajiangalia.

Mhasibu wa Kesho:
MREJESHO, wiki ya tatu.

Saa nilikuwa nayo, ile ya zawadi ya harusi yenye picha ya maporomoko ya maji. Nimeishusha, nachora kwa kalamu ya bluu, nyekundu ilikuwa imekauka. Simu inalala kabatini kwa mke wangu, ufunguo kaukalia yeye. Siku mbili za kwanza nilikuwa napapasa mfukoni kama mtu aliyeibiwa.

Kusoma nadharia: nusu nusu. Kuna siku kipande kinaisha na mimi nimesinzia juu ya kitabu. Saa haiondoi usingizi, wakuu, msidanganyane. Siku kama hizo nimeamua kwenda kulala saa tatu na nusu badala ya kujidanganya.

Maswali ya dakika 36 ndipo mambo yamekuwa mazito. Swali la kwanza nilipata 6 kabla ya mstari. Sita. Nilikaa nikaitazama ile saa nikaona aibu. Juzi nimepata 11. CPA Kwa Machozi, mizania bado haikulingana, na nikahama.

Ila sasa kuna kesi. Binti yangu wa miaka sita kagundua ile kalamu. Jana nimekuta kipande kimechorwa kuanzia 12 mpaka 12, saa nzima ya bluu, anamwambia mama yake hiyo ndiyo ya katuni.

Mwalimu wa Chekechea:
Mchoree dakika 20, kalamu mfiche. Na hongera kwa hizo 11.