Nyumba ya Bi Zena: Swafiya na dawa zake

JUMAPILI

Swafiya: Assalamu alaykum wapenzi. Naandika hapa mara moja ili nisije nikaulizwa na kila mtu kivyake. Ndiyo, naumwa. Si malaria, wala si mimba. Daktari amesema ni maradhi ya wasiwasi, yale ya kupita kiasi, na amenianzishia dawa. Wiki ya pili hii, na wallahi najihisi vibaya kuliko kabla sijaanza. Asubuhi kichefuchefu, mikono yatetemeka, usiku naona dari mpaka adhana ya alfajiri. Ndivyo inavyokuwa, au niziache?

Mama: Mimi namuona hapa nyumbani. Jana kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na bado ikamwagika kwenye sahani. Naombeni haya ya hapa yasitoke nje. Mji ni mdogo.

Ami Badi: Hayatatoka. Pole mwanangu Swafiya.

Shangazi Mwanaisha: Wa alaykum salam mama. Pole sana. Lakini vidonge vya akili mimi naviogopa, nisiwafiche. Nimeona watoto wa watu wakianza na bugizi, vile vidonge vya usingizi, kidogo tu ili walale, na leo ni mateja, mama zao wafunga milango kwa kufuli ndani ya nyumba zao wenyewe. Hivi si ndugu moja na hivyo?

Twahir: Shangazi, pakiti nimeiona. Imeandikwa sertralini.

Shangazi Mwanaisha: Ndiyo nini sasa hiyo?

Ami Badi: Nuru atatoka zamu saa tatu. Tumngojee yeye, ndiye nesi. Swafiya, usiache chochote kabla hajasema.

Khalti Nuru: Nimetoka sasa hivi, niko kwenye matatu, nisameheni nikikosea herufi. Swafiya mpenzi wangu, usiache. Wengi huachia papo hapo ulipofika, kwa kuwa dawa hizi madhara yake hutangulia, nafuu ikafuata nyuma. Mwili wako unaizoea. Kutetemeka, kichwa kuuma, kinywa kukauka, tumbo kuharisha, usingizi kupotea, hata wasiwasi wenyewe kuzidi kidogo: yote hayo ni ya wiki ya kwanza na ya pili, na kwa watu wengi hupungua yenyewe.

Khalti Nuru: Da Mwanaisha, hofu yako ina haki na sitaki uione ya kipuuzi. Sisi watu wa pwani tumezika vijana. Lakini bugizi ni dawa ya jamii nyingine kabisa. Ile humlegeza mtu ndani ya saa moja, mwili ukaizoea, kesho akataka mbili. Hii sertralini ni ya kutibu wasiwasi, haina stimu. Meza moja, meza tatu, hutahisi raha yoyote, utatapika tu. Hakuna maskani itakayoinunua. Na si kitu kipya cha kujaribiwa kwa Swafiya, kule Marekani iliidhinishwa tangu 1991.

Shangazi Mwanaisha: Alhamdulillahi. Hapo nimeelewa.

Feisal: Na akishaanza, ataimeza maisha?

Khalti Nuru: Si lazima. Akishapata nafuu ataendelea nayo miezi, mara nyingi sita mpaka mwaka, ndipo daktari ampunguzie pole pole. Kosa ni kuikata ghafla kwa kuwa leo umeamka vizuri. Hapo utapata kizunguzungu, hasira, na wengine husema wahisi kama umeme unapita kichwani. Hizo si dalili za uteja, ni mwili umeondolewa kitu bila kuagwa.

Swafiya: Khalti, mimi niliogopa tumbo. Nikajiambia ugonjwa ni wa kichwa, mbona tumbo ndilo linaloharibika?

Khalti Nuru: Swali zuri. Dawa hii hufanya kazi kwenye serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka habari baina ya neva, na serotonini nyingi ya mwili, kama asilimia 90, hutengenezwa matumboni, si kwenye ubongo. Kwa hiyo tumbo ndilo la kwanza kuona mgeni. Unaimeza saa ngapi, na kiasi gani?

Swafiya: Baada ya Isha. Nilianza na nusu kidonge, miligramu 25. Sasa ni kizima, 50. Mara nyingi sili kitu, chakula hakipiti.

Khalti Nuru: Basi mawili. Kwanza usimeze tumbo tupu, hata kipande cha mkate wa mofa na chai ya tangawizi kitosha. Pili, kwa wewe ambaye usingizi umekukimbia, mpigie daktari kesho umuulize kama uhamie asubuhi. Wako wanaosinzia nayo, hao humeza usiku. Wewe ni wa upande wa pili. Na ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake kulipa deni.

Mama: Harufu ya samaki wa kukaanga ndiyo inayommaliza. Nitakaanga kwa jirani wiki hizi. Hapa ndani tutapika tui na mboga.

Bibi (sauti, nimemwandikia mimi Twahir): "Swafiya mwanangu, nimesikia yote. Babu yako alikuwa vivyo hivyo. Alikuwa nahodha, bahari haimtishi, lakini usiku huamka akazunguka uwandani ameshika kifua, asema anakufa. Watu wakasema ana mashetani. Tukapiga ngoma, tukachinja, akaendelea kuzunguka. Hapakuwa na mtu wa kumwambia ni ugonjwa. Yeo dawa iko. Meza mwanangu. Ndoo ulale kwangu, mimi usingizi sina vilevile."

Swafiya: Bibi umeniliza.

Swafiya: Hilo la babu silijui kabisa. Kwangu lilianzia gatini Mokowe, nikirudi kutoka shule. Boti ilipowashwa injini, moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi haifiki chini. Nilikuwa na uhakika, uhakika wenyewe, kwamba nakufa pale mbele ya wanafunzi wangu. Mama mmoja wa Matondoni akanifungua buibui shingoni akanipepea na kadibodi. Baadaye walinipima moyo kwa zile waya, damu, tezi la shingo, vyote vizima. Tangu hapo nikiisikia injini tu tumbo lageuka. Kila alfajiri nimevaa, nimeshika mkoba, na mlango siufungui.

Twahir: Da, kuanzia kesho utapanda boti yangu. Utakaa nyuma karibu na mimi, injini utaiwasha wewe mwenyewe. Ukishindwa kufika tutarudi, nauli siitaki na maelezo siyataki.

Khalti Nuru: Twahir, hilo ni nusu ya tiba. Dawa yashusha mawimbi, lakini hofu ya boti hutoka kwa kupanda boti, kidogo kidogo, na mtu unayemwamini. Muulizeni daktari pia kuhusu ushauri nasaha, dawa na mazungumzo vikienda pamoja hufaa zaidi kuliko kimoja.

Ami Badi: Na mimi niseme langu. Kuna watakaomwambia ni imani ndogo. Mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, akawaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Swafiya, nitakuja kila baada ya Magharibi nikusomee ukipenda. Na dawa umeze. Moja haikatazi nyingine.

Swafiya: Njoo Ami. Napenda.

Shangazi Mwanaisha: Kichwa kikiuma nikuletee Brufen? Ninazo.

Khalti Nuru: Hapana Da, Brufen ndiyo ibuprofeni, na pamoja na hii huzidisha hatari ya kutoka damu tumboni. Panadoli ndiyo salama kwake. Na tramadoli, ile ya maumivu makali, asiiguse kabisa, hata akipewa na mtu mwenye koti jeupe ambaye hajaambiwa anatumia nini. Miti shamba na habasoda za chupa, daktari aambiwe kwanza. Na kahawa?

Mama: Kahawa ndiyo ugonjwa wake mwingine. Mzee akipita na mdele, vikombe vitatu.

Khalti Nuru: Wiki hizi apumzike nayo. Moyo unaokwenda mbio hauhitaji wa kuusukuma. Na nyinyi vijana wa barazani na muguka wenu, msimkaribishe hata jani.

Feisal: Umefika, Khalti.

Khalti Nuru: Sasa nisomeni vizuri hapa, hasa Mama yake. Yapo ambayo hayangojewi. Akianza kuwaza kujidhuru au kwamba heri asingekuwepo. Akishindwa kukaa chini kabisa, azunguka ndani, kila kitu chamuudhi. Akikosa usingizi siku kadhaa huku ana nguvu na maneno mengi yasiyo kawaida yake. Au homa kali, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa. Hapo ni hospitali usiku huohuo, hata iwe saa nane. Wa chini ya miaka 25 huangaliwa zaidi, ndiyo maana kule Marekani waliweka onyo kwenye dawa hizi mwaka 2004, wakaliongeza 2007. Swafiya amevuka umri huo, bado tutamuangalia. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, iwekeni kwenye simu zenu wote sasa.

Swafiya: Mawazo hayo sina, namshukuru Mungu. Yakija nitasema. Naahidi mbele yenu.

Mama: Utaniamsha mimi. Usihesabu saa.

JUMATANO

Swafiya: Daktari amekubali nihamie asubuhi. Nameza baada ya chai na mkate. Jana nimelala mpaka alfajiri, niliamka mara moja tu. Kichefuchefu kipo ila chapita kabla ya saa nne. Kilichobaki ni taya, naamka meno nimeyabana hadi masikio yauma.

Khalti Nuru: Taya liandike umwambie daktari. Lapata watu kadhaa. Mikono?

Mama: Leo kikombe mkono mmoja 🤲🏽

Twahir: Na boti tumevuka. Katikati alinyamaza, akaushika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Tulipofika gatini alishuka peke yake.

Bibi (sauti, nimemwandikia Twahir): "Mashallah. Muulizeni, swaumu ya Jumatatu je?"

Khalti Nuru: Bibi, kidonge ni kimoja kwa siku, kwa hiyo swaumu yawezekana, angemeza kwenye daku. Lakini wiki hizi za kwanza asifunge. Ana tumbo la kuharisha na maji yampungua. Akishatulia, daktari akiridhia, arudi kwenye sunna zake. Na msimtarajie awe mzima Ijumaa hii. Usingizi mara nyingi ndio hurudi mwanzo. Wasiwasi wenyewe huanza kulegea kati ya wiki ya pili na ya nne, nafuu ya kutosha karibu na ya sita, na wengine hufika ya 12. Siku mbaya itarudi katikati hapo. Ikirudi msiseme dawa imeshindwa.

Swafiya: Nimeliandika hilo kwenye mlango wa kabati.

Shangazi Mwanaisha: Kesho kliniki unaenda na nani?

Swafiya: Peke yangu. Mama ana hitima Langoni.

Shangazi Mwanaisha: Peke yako kwa nini na mimi nipo? Nataka nimuulize daktari mwenyewe mambo mawili matatu ya hii sertralini yenu, nimeshayakariri.

Swafiya: Karibu Shangazi. Foleni huanza mapema.

Shangazi Mwanaisha: Saa moja na nusu niko mlangoni kwenu. Chukua pakiti yenyewe, na lile karatasi lenye la taya.